Kopo la buluu na manjano: mwongozo kamili wa kutumia WD-40 nyumbani, kutoka Kisumu

Mlango wa chuma wa nyumba niliyopanga Migosi ulikuwa ukilia kila ukifunguliwa, na kilio chenyewe kilifika hadi ploti ya pili. Nikaenda hadwea, nikanunua kopo la WD-40, nikapuliza kwenye bawaba, mlango ukanyamaza. Baada ya siku chache ukaanza tena. Nikapuliza tena. Tukaendelea hivyo, mimi na mlango, mpaka kopo likaisha. Ndipo nikamfuata mzee mmoja fundi wa vyuma pale Kibuye, nikamlalamikia kwamba nimeuziwa bandia.

Mzee hakuinua hata uso kutoka kwenye kazi yake. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "hiyo bawaba umeiosha au umeipaka mafuta?"

Nikamwambia nimeipaka.

"Umeiosha. Hilo kopo ni la kuoshea. Umeosha mara kumi, hujapaka kitu."

Maneno hayo yalinifundisha zaidi ya yote niliyosoma nyuma ya kopo. Tangu siku hiyo kopo moja hunikalia muda mrefu, na kazi linazofanya nyumbani kwangu ni nyingi kuliko zamani, kwa sababu sasa najua ni kazi gani ni yake na ipi si yake. Nimeziandika hapa kama ninavyozifanya, hatua kwa hatua.

Kilichomo ndani

Herufi W na D zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini, lile lililofaulu. Mwaka 1953 kampuni ndogo ya San Diego, Marekani, iliyoitwa Rocket Chemical Company, ilikuwa ikitafuta kitu cha kukinga vyuma dhidi ya kutu katika viwanda vya ndege na roketi. Convair, waliokuwa wakiunda kombora la Atlas, waliitumia kulinda ganda lake la nje. Wafanyakazi wakaanza kubeba makopo kwenda nayo makwao, na mwaka 1958 ikafika madukani. Mwaka 1969 kampuni yenyewe ikaacha jina lake la roketi, ikajiita kwa jina la kopo.

Kwa hiyo haikutengenezwa kama mafuta ya bawaba. Sehemu kubwa ya kilichomo ni kiyeyusho cha jamii ya petroli, ndugu wa kile mafundi wa rangi wanachotumia kuoshea brashi. Kisha kuna mafuta mepesi kidogo, na gesi ya kuyasukuma nje. Ukipuliza, kiyeyusho hujipenyeza katika mwanya mwembamba ambamo hata uzi hauingii, hulainisha grisi kuukuu na uchafu, huingia kati ya maji na chuma na kuyaondoa. Baadaye kiyeyusho huruka hewani. Kinachobaki ni utando mwembamba sana wa mafuta.

Ukielewa aya hiyo unaweza kukisia mwenyewe karibu kazi zote zitakazofuata. Gundi, nta, lami na grisi vitatoka, maana vyote huyeyushwa na kitu cha jamii ya petroli. Plagi iliyolowa itakauka. Nati iliyoshikwa na kutu italegea. Lakini mahali panaposuguana mchana kutwa, chini ya uzito, utando ule utaliwa upesi na kelele itarudi.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Ziwa letu, Victoria, ni la maji baridi, kwa hiyo kutu yetu si ya chumvi kama ya Mombasa. Yetu ni ya unyevu: mvua ya jioni inayokuja na radi, umande wa alfajiri, kisha jua kali la saa sita. Panga likilala nje usiku mmoja wa Aprili, asubuhi limeshageuka rangi ya chai.

Kabla ya kupuliza

Tayarisha fulana kuukuu uliyoikata matambara, mswaki uliozeeka, brashi ya waya, kipande cha msasa, sabuni ya kipande, kichupa cha mafuta ya cherehani, na grisi kidogo. Grisi maduka mengi ya spea watakupimia ukienda na kikopo chako. Hizo mbili za mwisho ndizo watu husahau, na ndizo zinazofanya kazi idumu.

Halafu moto. Mvuke wa kopo hili hushika moto, na kopo lenyewe lina presha ndani. Zima meko ya gesi, toa jiko la makaa nje hata kama makaa yanaonekana yamelala, usivute sigara, fungua dirisha na mlango. Watoto wakae mbali. Mtoto akinywa, usimlazimishe kutapika, kwa sababu kitu cha jamii ya petroli kikiingia mapafuni wakati wa kutapika huleta madhara makubwa kuliko kikiwa tumboni. Mkimbize hospitali pamoja na kopo lenyewe, daktari asome kilichoandikwa.

La mwisho, jaribu pembeni kwanza. Iwe ukuta, kiatu, kiti au gari, puliza kidogo mahali pasipoonekana, subiri dakika tano, futa, tazama.

Mlango wa chuma unaolia

Bawaba nyingi za milango na mageti ya huku ni zile za kuchomelea, dume na jike: kipande cha chini kina kijiti, cha juu kina tundu, na uzito wote wa mlango unakalia hapo. Fanya hivi.

1. Kwangua rangi na vumbi kwa brashi ya waya pale vipande viwili vinapokutana. Rangi ikiziba ule mwanya, hakuna kitakachoingia.
2. Tia mrija kwenye kinyunyizio, uelekeze kwenye mwanya, puliza sekunde moja au mbili. Ukipuliza bila mrija, nusu itaishia ukutani.
3. Fungua na funga mlango mara ishirini au thelathini. Maji meusi au ya rangi ya kutu yataanza kutiririka. Hayo ndiyo uliyokuja kuyatoa.
4. Futa. Puliza tena. Rudia mpaka kinachotoka kiwe karibu safi.
5. Acha pakauke saa moja hivi, kisha tia grisi.

Hatua ya tano ndiyo niliyokuwa nikiiruka. Kama mlango unanyanyuka, ufungue robo tatu, mtu mmoja aushike, mwingine aunyanyue kwa mtaimbo kiasi cha upana wa kidole, paka grisi kwenye kijiti, uushushe. Mlango wa chuma ni mzito na unapenda vidole vya watu, kwa hiyo usifanye peke yako. Ukikuta haunyanyuki, usiulazimishe. Mafundi wengine huichomelea bawaba moja juu chini makusudi, mwizi asije akaung'oa mlango mzima. Hapo chukua bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa, vuta oili ya injini, dondoshea taratibu kwenye mwanya huku mwenzako akiuchezesha mlango.

Ukija kutengeneza geti jipya, mwambie fundi atumbukize gololi ya beringi ndani ya jike kabla hajalikalisha. Geti litazunguka juu ya gololi, na hutahitaji kunisoma tena.

Madirisha ya chuma ni njia ile ile, ila mepesi zaidi. Yale ya luva, yenye vioo vya kulala kama vigae, tatizo lake liko kwenye fremu ya pembeni yenye vijino. Toa vioo kwanza, maana kioo chenye mafuta huteleza mkononi. Puliza kwenye vijino, sugua kwa mswaki, chezesha mkono wa kufungulia, futa, rudisha vioo. Usivute mkono kwa nguvu kabla ya hapo. Ukivunjika, kuupata mwingine wa kufanana nao ni safari.

Kufuli lililogoma

Kufuli la geti la nje hunyeshewa, huingia vumbi, halafu siku moja saa tatu usiku linakataa ufunguo. Usiuzungushe ufunguo kwa nguvu. Ukikatikia ndani utalala nje.

Puliza ndani ya tundu la ufunguo kwa mrija, na pia pale pete inapoingia mwilini mwa kufuli. Ingiza ufunguo na kuutoa bila kuuzungusha, mara kumi hivi, ukiufuta kwa tambara kila ukitoka. Mara za kwanza utatoka mweusi. Ukianza kutoka msafi, jaribu kuzungusha taratibu kushoto na kulia. Likifunguka, puliza tena, kisha litundike usiku kucha tundu likitazama chini ili uchafu udondoke.

Hapa mafundi wa vitasa wanabishana. Wengine hawataki mafuta yoyote ndani ya kufuli, kwa sababu mafuta hushika vumbi na vumbi hugeuka matope. Mimi nimewaunga mkono. Natumia kopo kuosha tu, naliacha kufuli siku mbili lipate kukauka, halafu nasugua meno ya ufunguo kwa penseli laini na kuuingiza mara kadhaa. Ule unga mweusi wa penseli hulainisha bila kunata. Usichanganye unga huo na mafuta ambayo bado yamelowa, utakuwa umetengeneza uji.

Na kabla ya yote hayo, kata kipande cha tyubu ya baiskeli au gari, ukipigilie juu ya kufuli kining'inie kama pazia. Kila ukipita Nyalenda au Manyatta utaviona kwenye mageti. Hicho kipande cha mpira cha bure kinashinda makopo kumi.

Nati iliyooana na bolti

Kazi hii ndiyo iliyolipa kopo sifa yake, na ndiyo watu wanaiharibu kwa haraka. Anapuliza, anashika spana papo hapo, anavuta, kichwa cha bolti kinakuwa mviringo. Kisha anasema dawa haifanyi kazi.

Sugua nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya. Puliza pande zote mbili za nati. Chukua nyundo uigonge nati pembeni, vipigo vidogo vya haraka. Mtikisiko huipasua kutu na kufungua njia. Ondoka. Kanywe chai. Robo saa ni ya kutu changa. Kwa kutu ya miaka, kwa mfano bolti za kiti cha choo au magurudumu ya wilbaro iliyolala nje, puliza jioni, rudia kabla ya kulala, fungua asubuhi.

Unapoanza, kaza kidogo kwanza, halafu ndipo ulegeze. Kukaza huvunja kutu bila kuivuruga, na ukisikia mlio mdogo mkavu, imeshaachia. Legeza robo mzunguko, rudi nyuma kidogo, puliza, endelea. Usilazimishe mfululizo. Tumia spana ya saizi yake hasa, si ile inayokaribia. Unaporudisha bolti, paka grisi kwenye nyuzi, ili safari ijayo usihitaji kopo kabisa.

Ikigoma hata hivyo, mzee wa Kibuye huipasha nati moto. Akifanya hivyo huifuta kwanza WD yote na kuiacha ikauke kabisa. Mbili hizo hazikutani.

Gundi, krayoni, lami na wadudu wa ziwa

Hapa ndipo kopo linapowashangaza watu, ingawa kwa mtu aliyesoma kuhusu kiyeyusho hakuna ajabu.

Stika ya bei kwenye beseni, ndoo au fremu ya picha: ng'oa karatasi kadiri inavyokubali, puliza kwenye tambara, laza tambara juu ya gundi dakika tano, halafu sukuma kwa kidole gumba. Usikwangue kwa kisu. Gundi itajikunja kama uchafu wa mwili unaposuguliwa na jiwe. Osha kwa sabuni.

Kwa sufuria, sahani na chupa za mtoto, mimi situmii kopo hili hata kama nitaosha mara tano. Mafuta ya kupikia yanaiondoa gundi ile ile, yanachukua muda tu. Paka, acha nusu saa, sugua na majivu au sabuni. Kwa nini nilete petroli kwenye chombo cha chakula?

Krayoni ukutani: tazama kwanza rangi ya ukuta ni gani. Kama ni rangi ya mafuta, ile inayong'aa na kuoshwa, pulizia tambara, sugua kwa kuzungusha, kisha osha upesi kwa maji ya sabuni, kwa sababu ukikiacha kiyeyusho kikae kitailainisha rangi yenyewe. Kama ni rangi ya maji, usithubutu. Krayoni itatoka na kukuachia doa la mafuta kubwa kuliko mchoro wa mtoto, na doa hilo halifunikwi kirahisi hata ukipaka rangi juu. Nina moja nyuma ya kabati. Kabati liko pale kwa sababu yake.

Kalamu ya maka kwenye vigae, mlango wa friji au ubao mweupe hutoka kwa njia hiyo hiyo. Chingamu kwenye soli ya kiatu pia; pulizia, ngoja, ng'oa kwa kijiti. Lakini soli ikiwa na mafuta itakuangusha kwenye sakafu ya vigae, kwa hiyo ioshe kabla hujatembea. Kwa chingamu kwenye nywele za mtoto tumia mafuta ya nywele au ya kupikia. Kopo lisikaribie uso wake.

Lami kwenye gari au pikipiki: barabara zikikarabatiwa kila mtu anarudi nyumbani na madoa meusi chini ya milango. Pulizia, subiri dakika chache, futa kwa tambara laini bila kukandamiza, geuza upande wa tambara kila mara, osha gari.

Na wale wadudu wadogo wa ziwa, wanaopanda kutoka majini kama moshi. Ukiendesha usiku kandokando ya ziwa, mbele ya gari panakuwa kama pamepakwa uji. Jua likiwachoma hapo siku mbili, maji na sabuni peke yake hayatoshi. Lowesha kwa maji kwanza, kausha, pulizia WD kwenye bampa na sehemu za chuma au zenye rangi, ngoja dakika mbili tatu, futa, kisha osha kwa sabuni ya gari. Kioo cha mbele kiepushe, maana utando wa mafuta ukikutana na mvua hutaona mbele. Vifuniko vya taa vya plastiki angavu pia uviepushe.

Pikipiki iliyolowa

Rafiki yangu wa boda boda anaegesha Kondele. Mvua kubwa ikipiga, maji huingia kwenye kifuniko cha plagi, na moto wa plagi badala ya kuruka ndani ya injini unakimbilia kwenye maji. Pikipiki inakohoa, inazima. Hii ndiyo kazi ya asili ya kopo, ile iliyolipa jina.

Zima injini, toa ufunguo, acha ekzosi ipoe mpaka uweze kuigusa. Usipulizie kitu kinachowaka kwenye bomba la moto. Vuta kifuniko cha plagi, futa maji yanayoonekana, puliza kidogo ndani ya kifuniko na kando ya waya. Futa. Ngoja dakika kumi mvuke wote uruke. Rudisha, washa. Kama bado, tatizo haliko hapo, pengine maji yameingia kwenye kabureta au tangi, na kopo zima halitasaidia.

Jembe, panga, mkasi

Aliyelima Ahero au popote katika uwanda wa Kano anaujua udongo ule mweusi wa pamba. Ukilowa, kila jembe linarudi na kilo mbili za ziada. Koleo lililofutwa, likakaushwa na kupulizwa pande zote mbili kabla ya kuchimba mtaro hubeba matope machache, angalau kwa saa ya kwanza. Naisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu ninaipenda sana. Kipande cha ubao cha kukwangulia ulichochomeka kiunoni hufanya kazi hiyo siku nzima bila malipo.

Kinachofaa zaidi ni baada ya kazi. Osha jembe, likaushe juani, sugua kutu kwa brashi ya waya au msasa, pulizia, futa kwa tambara libaki na ung'avu mdogo, tundika ndani ya nyumba. Kwa vifaa vitakavyolala msimu mzima, utando wa WD ni mwembamba mno. Paka oili juu yake. Panga la kukatia sukuma wiki na nyama halihusiki na haya. Hilo paka mafuta ya kupikia.

Mkasi unaouma kitambaa badala ya kukikata hupona mara nyingi kwa kusafishwa tu pale kwenye skrubu. Pulizia, fungua na funga, futa vizuri kabisa, kata vitambaa vya kutupa vichache kabla ya kugusa gauni la mtu.

Feni na cherehani

Hapa kopo ni la kuosha, kisha liwekwe kando. Feni isiyozunguka mpaka uisukume kwa kidole mara nyingi imeshikwa na mafuta yaliyoganda yakachanganyika na vumbi na nywele. Ichomoe kwenye stima, si kuzima swichi tu. Toa kizimba na mapanga, pulizia tone kwenye shafti pale inapoingia kwenye mota, izungushe kwa mkono, futa, rudia. Iache saa kadhaa ikauke. Ndipo udondoshee matone mawili ya mafuta ya cherehani. Ukiwasha mara tu baada ya kupuliza, unawasha mota ndani ya mvuke unaoshika moto.

Cherehani ni hivyo hivyo. Fundi wa nguo anayetumia WD badala ya mafuta ya cherehani ataiona inakimbia asubuhi, na jioni inalia.

Mahali pa kuweka kopo chini

Breki ndiyo ya kwanza, na nitaieleza kwa sababu nusura inigharimu meno. Breki za baiskeli yangu zilikuwa zikipiga kelele. Nikapulizia raba za breki na rimu. Kelele ikaisha. Kesho yake nikashuka mteremko wa Kiboswa kuja Mamboleo, nikabana, hakuna kilichoshika. Nilisimama kwa kuingia kwenye majani kando ya barabara. Breki hufanya kazi kwa kusuguana, na nilikuwa nimeuondoa msuguano. Hii ni sawa kwa diski na dramu za pikipiki. Ikikumwagikia, osha diski kwa kisafishaji cha breki, na vitambaa vya breki vilivyonyonya mafuta vibadilishe.

Cheni ya baiskeli iliyojaa matope inaweza kuoshwa kwa WD na mswaki, lakini baada ya kukauka inataka mafuta ya cheni. Vinginevyo wiki ijayo itakuwa inaimba.

Mtungi wa gesi, regyuleta na mpira wake: kamwe. Ukishuku gesi inavuja, povu la sabuni ndilo linaloonyesha, kwa kutoa mapovu pale panapovuja. Mpira wa mlango wa friji na wa presha kuka nao uache, maana vitu vya petroli huvimbisha na kulainisha aina nyingi za mpira. Plastiki ngumu angavu, kama ya miwani na baadhi ya vifuniko vya taa, hupata nyufa ndogo ndogo kama za chungu kilichopashwa vibaya.

Swichi na soketi za ukutani zenye stima si za kopo hili. Kwanza zima meni swichi, kisha muite fundi wa stima.

Zipu ya begi iliyokwama inataka mshumaa, si WD. Pete iliyonasa kidoleni inataka sabuni na maji baridi, mkono ukiinuliwa juu. Mende atakufa ukimlowesha, ndiyo, hata chai ya moto itamuua, lakini kupuliza kitu kinachowaka chini ya meko ili kuua mende ni kuichezea nyumba. Na kwa wazee wanaopuliza kwenye magoti yanayouma: hii si dawa. Kiyeyusho hukausha ngozi na kuiwasha, na goti halipati chochote.

Halafu habari ya ndoano. Utaambiwa kwamba ukipuliza kwenye chambo, mbuta (sangara) watakuja mbio kwa sababu ndani yake kuna mafuta ya samaki. Hakuna. Kampuni yenyewe imekanusha, na haipendekezi itumike kuvulia. Tena sehemu ya maji ya bomba ya mji huu huchotwa ziwani hapo hapo Dunga. Petroli utakayoimwaga majini asubuhi unaichemshia chai kesho.

Kulihifadhi na kulitupa

Kopo liwe mbali na jua na moto. Maandishi yake yanakataza joto la zaidi ya nyuzi 50, na ndani ya gari lililofungwa vioo saa nane mchana Kisumu joto haliko mbali na hapo. Kwenye rafu juu ya meko pia si mahali pake. Matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke kabla ya kuyatupa, usiyafinyange kuwa bonge na kuyasukuma kwenye kona.

Likiisha, bonyeza mpaka usisikie hata mvuvumo. Usilitoboe. Usilitupe kwenye shimo la taka linalochomwa Jumamosi, kwa sababu kopo lililofungwa likipashwa moto hulipuka, na watoto ndio husimama karibu na moto wa taka. Wanunuzi wa vyuma chakavu hulichukua. Waambie lilikuwa la kupuliza, ili wasilirushe kwenye moto nao.

Mrija nimeufunga ubavuni mwa kopo kwa kipande cha tyubu. Wa kwanza ulipotea siku ya pili.